Sogea Kidogo, Baba

Picha ninazo tatu.
Ya kwanza aliipiga D'Mello kwa kamera ya miguu mitatu;
nyuma yake muhuri wa zambarau, Studio, Mtaa wa Mkunguni.
Ya pili imekatwa kwenye kalenda ya shirika, mwezi wa Juni,
tarehe zake zina misalaba ya mtu aliyekuwa akihesabu mshahara.
Ya tatu ni nakala ya nakala:
wingu jeusi lenye magurudumu.

Mchana natengeneza meno ya watu, Kariakoo, ghorofa ya pili.
Usiku, Keko, natandika gazeti juu ya meza ya kulia
na zana ni zilezile: kisu cha nta, msasa,
keekee inayolia kama mbu.
Boila ni kasha la rangi ya mdomo la dada yangu Sikudhani.
Mabomba ya mvuke ni sindano za hospitali, nimezikata ncha.
Ribiti ni gundi, tone moja moja, kwa kijiti cha kuchokolea meno,
na ukipiga chafya unaanza upya.

Ribiti nimezihesabu kwa lenzi.
D'Mello ananipa arobaini na tatu ubavuni mwa tangi.
Kalenda inanipa thelathini na tisa, na kiraka.
Nikadhani ni macho. Nikafuta lenzi kwa pindo la shati,
nikahesabu tena: thelathini na tisa, na kiraka.
Ndipo nikaelewa kwamba injini haipo, zipo injini za siku:
hii ya kabla ya kugongwa, ile ya baada ya fundi wa Morogoro
kuishona kama suruali ya shule.
Huwezi kutengeneza garimoshi hivi hivi.
Lazima uchague siku.

Nimechagua ya D'Mello, maana baba yumo.
Kasimama mbele ya injini, koleo mkononi, kofia imemlalia.
Kadi yake ya kazi inasema: Majaliwa Kapaya, mchochea moto,
futi tano, inchi nane na nusu.
Hiyo ndiyo rula yangu.
Gurudumu linamfika juu kidogo ya mkanda.
Dohani, kutoka relini, ni baba wawili na kipande.
Bila yeye nisingejua ukubwa wa kitu chochote.

Lakini mgongo wake, jamani!
Pale pale aliposimama ndipo bomba linaposhuka kutoka kwenye kuba:
linaingia nyuma ya bega likiwa moja,
linatokea kiwikoni yakiwa mawili.
Kati ya bega na kiwiko kuna nini?
Vali? Kikombe cha mafuta?
Nimeinamisha picha chini ya taa, nimeitazama kwa ubavu,
kama mtu achunguliaye nyuma ya pazia, na pazia ni karatasi.
Sogea kidogo, Baba. Hatua moja.
Tangu uondoke sijakuomba kitu.

Nikampigia Bwana Luhinda, Ukonga, waliyekuwa zamu moja.
"Nyuma ya baba yako? Palikuwa pa moto," akasema.
"Moto tu. Kwani wewe unatafuta nini?"
Salio likaisha.

Ningeweza kubuni. Ndiyo kazi yangu.
Mtu huja na pengo, hana hata picha ya jino lake,
namwekea linalofanana na majirani
naye huenda kucheka nalo harusini.
Mara mbili nilikunja sindano. Mara mbili nikaitupa.

Basi nikamtengeneza yeye.
Moja kwa themanini na saba, anatoka sentimita mbili kamili:
nta ya waridi, ile ya fizi;
koleo ni kichwa cha pini nilichokigonga kikawa bapa.
Uso sikuuweka. Hata pichani hana, ana kivuli cha kofia.
Nikamsimamisha mahali pake.
Sikudhani akapita na kikombe cha chai,
akamtazama baba, akatazama boila:
"Kumbe mwizi ni wewe."

Kabla gundi haijashika nikamsukuma kwa kijiti,
hatua moja, urefu wa punje ya mchele,
nikachungulia.
Bati tupu. Alama ya kidole changu.
Nikamrudisha.